Saratani ya koo: West Nile inahitaji jibu Arua kabla ya safari ya Kampala

Arua. Oli ni mtaa wa sauti. Muuza mitumba anaita wateja, kondakta wa teksi anaita abiria wa Koboko, muadhini anaita waumini, na ndani ya duka moja unaweza kusikia Kinubi, Kilugbara, Kiswahili na Kilingala kabla hujarudishiwa chenji. Katika mtaa kama huu, mtu akipotelewa na sauti jirani zake hugundua siku hiyohiyo. Hospitali ndiyo hugundua mwisho.

Mwendo wa ugonjwa huo unajulikana. Sauti ikianza kukwaruza, mtu hulaumu vumbi la kiangazi. Hununua vidonge vya kumung'unya, kisha antibiotiki kwenye duka la dawa. Akifika kituo cha afya hupimwa malaria, pengine na kifua kikuu, na majibu yakiwa mazuri hurudishwa nyumbani na dawa nyingine ya kikohozi. Miezi inapita. Siku uvimbe unapotokeza shingoni, au chakula kinapokataa kushuka, ndipo inapoandikwa barua ya rufaa. Hapo huanza safari ya takriban kilomita 500, kupitia Pakwach na daraja la Karuma hadi Kampala.

Saratani za kichwa na shingo ni zile za mdomo, ulimi, koo, zoloto ambalo ndilo kasha la sauti, pua na sehemu iliyo nyuma ya pua. Duniani huwapata karibu watu 900,000 kila mwaka. Nyingi zinatibika zikikamatwa zikiwa ndogo. Saratani changa ya nyuzi za sauti, kwa mfano, hudhibitiwa kwa mionzi au upasuaji mdogo kwa karibu wagonjwa 9 kati ya 10, na wengi hubaki na sauti zao. Ikishasambaa, mgonjwa huyohuyo anaweza kuondolewa zoloto lote, akapumulia tundu la shingoni, na bado asipone.

Hoja ya uchambuzi huu ni moja. Kifaa cha kuiona saratani hiyo mapema kipo, ni kidogo, na kinaweza kutumika katika chumba cha kawaida cha hospitali. Lakini kamera peke yake haimponyi mtu. Kinachotakiwa West Nile ni mnyororo mzima: anayeshuku, anayetazama, anayepima kinyama, na anayetibu. Na kwa kuwa West Nile ni kona ya nchi tatu, mnyororo huo ni kazi ya Jumuiya ya Afrika Mashariki nzima, Uganda ikiwamo.

Mrija mwembamba kuliko penseli

Endoskopi inayozungumziwa hapa si ile ya tumbo ambayo wengi wameisikia na kuiogopa. Ya pua na koo ni mrija unaopindika, wenye unene wa milimita 3 hadi 4, na taa na kamera kwenye ncha. Mgonjwa hukaa kwenye kiti akiwa macho. Hupuliziwa dawa ya ganzi puani, kisha mrija hupitishwa polepole kupitia tundu la pua. Kwa dakika chache tabibu huona nyuma ya pua, shina la ulimi, koo na nyuzi za sauti zikifunguka na kufungana mgonjwa anapotamka herufi. Hakuna kulazwa, hakuna usingizi wa dawa, hakuna chumba cha upasuaji.

Sehemu hizo ndizo ambazo macho hayafiki. Daktari mwenye tochi na kijiti cha kukandamiza ulimi anaweza kuona mashavu, ufizi na sehemu ya mbele ya ulimi. Saratani ya mdomo basi haihitaji kamera. Inahitaji tochi, glavu, kidole na tabia ya kuwaambia wagonjwa wafungue kinywa. Lakini zoloto na nyuma ya pua vimejificha. Saratani ya nyuma ya pua huweza kujionyesha kwa sikio moja lililoziba, damu puani au uvimbe wa shingo, na mgonjwa akatibiwa sikio kwa mwaka mzima huku chanzo kikiwa sentimita chache ndani.

Ndiyo maana kanuni inayotumika katika nchi nyingi ni rahisi kukumbuka: sauti iliyokwaruza kwa zaidi ya wiki tatu bila sababu inayoeleweka, hasa kwa mtu mzima anayevuta sigara au kunywa pombe, itazamwe kwa kamera. Hali kadhalika kidonda cha mdomo kisichopona, uvimbe wa shingo usioondoka, na kumeza kwa shida.

West Nile iliwahi kuifundisha dunia

Kuna kejeli katika kuiona West Nile ikisubiri elimu ya saratani ya kichwa na shingo kutoka mbali. Sehemu ya elimu hiyo ilitoka hapa.

Mwaka 1958, daktari wa upasuaji wa Mulago, Denis Burkitt, alichapisha maelezo ya watoto 38 wenye uvimbe wa taya ambao baadaye ulipewa jina lake. Mwaka 1961 alifunga safari ya gari ya takriban kilomita 16,000 kuelekea kusini mwa Afrika, akiuliza hospitali moja hadi nyingine kama uvimbe huo umeonekana huko. Mmoja wa wenzake wawili ndani ya gari hilo alikuwa Ted Williams, daktari mmisionari wa Hospitali ya Kuluva, nje kidogo ya mji wa Arua. Kumbukumbu za wagonjwa wa Kuluva zilisaidia watafiti kuona jinsi ugonjwa huo ulivyojikusanya katika maeneo na vipindi fulani vya West Nile.

Mwaka 1964, kutokana na sampuli za uvimbe zilizosafirishwa kwa ndege kutoka Kampala hadi London, Anthony Epstein na wenzake, Bert Achong na Yvonne Barr, walitambua kirusi kinachoitwa Epstein-Barr. Mwanzoni mwa miaka ya 1970, watoto wapatao 42,000 wa West Nile walitolewa damu na kufuatiliwa. Matokeo, yaliyochapishwa mwaka 1978, yalionyesha kwamba watoto walioupata uvimbe huo walikuwa tayari na kinga ya juu mno dhidi ya kirusi hicho kabla hawajaugua. Ulikuwa ushahidi mzito kwamba kirusi kinachangia saratani ya binadamu.

Kirusi hichohicho ndicho kinachohusishwa na saratani ya nyuma ya pua, ambayo Afrika Mashariki inaifahamu. Daktari Peter Clifford aliwaelezea wagonjwa wake wa Kenya tangu miaka ya 1960. Na ni huko nyuma ya pua ambako mrija wa kamera una faida kubwa zaidi. Damu ya watoto wa West Nile ilisaidia kufungua mlango ambao nchi nyingine zimeupitia.

Hong Kong ni mfano. Utafiti uliochapishwa mwaka 2017 uliwapima damu wanaume 20,174 wasio na dalili, ukitafuta chembe za vinasaba vya kirusi cha Epstein-Barr. Waliobaki na majibu ya kutiliwa shaka walikuwa 309 tu, na hao ndio walioitwa kufanyiwa endoskopi na picha za kina. Wagonjwa 34 waligunduliwa. Asilimia 71 kati yao walikuwa katika hatua ya kwanza au ya pili, ilhali kabla ya hapo, katika wagonjwa waliojileta wenyewe, waliokuwa katika hatua hizo walikuwa asilimia 20 tu.

Japani nayo ilichapisha mwaka 2010 utafiti wa endoskopi yenye mwanga maalumu wa bluu na kijani, unaodhihirisha mishipa midogo ya damu inayolisha uvimbe mchanga. Kwa wagonjwa waliokuwa na saratani ya umio, mwanga huo ulionyesha uvimbe mdogo wa koo ambao mwanga mweupe wa kawaida uliuona kwa asilimia 8 tu.

Hata hivyo, tusijidanganye kwamba Arua inapaswa kuiga Hong Kong kesho. Hong Kong ina mgonjwa mmoja mmoja wa kutosha kuhalalisha upimaji wa maelfu, na ina mahali pa kumtibu. Shirika la Afya Duniani hutofautisha mambo mawili: kuwapima watu wasio na dalili, na kuwatambua haraka wale ambao dalili imeshawapata. Kwa West Nile, la pili ndilo lenye tija. Mgonjwa tayari yupo, anakwaruza sauti mbele ya muuza dawa. Hahitaji kutafutwa, anahitaji kutazamwa.

Hatari zipo, dalili zinapotea njiani

Tafiti za Uganda zimekuwa zikirudia jambo moja kwa miaka mingi: wengi wa wagonjwa wa saratani hizi hufika hospitali kubwa ugonjwa ukiwa katika hatua ya tatu au ya nne. Si kwa sababu hawajali.

West Nile ilikuwa kwa miongo mingi eneo la tumbaku. Zao hilo lililipa ada za shule na kujenga nyumba za bati, na kwa watu wengi halikuwahi kuonekana kama adui. Waragi unanyweka kwa bei nafuu. Tumbaku na pombe zikienda pamoja, kila moja huongeza madhara ya mwenzake kwenye koo. Sheria ya Uganda ya kudhibiti tumbaku ya mwaka 2015 ilipiga marufuku shisha na tumbaku ya kuweka mdomoni, ikiwamo ile inayojulikana kama kuber, lakini mpaka una vichochoro vingi kuliko vizuizi. Virusi vya papiloma navyo husababisha baadhi ya saratani za koo. Chanjo yake imo katika ratiba ya taifa kwa wasichana tangu mwaka 2015, ila matunda yake kwenye koo yatachukua miaka mingi kuonekana.

Kisha kuna njia za mkato. Katika ukanda wetu, kikohozi kisichoisha au koo linalowasha huweza kumpeleka mtu kukatwa kimeo. Wengine huanza na mitishamba, wengine na maombi. Kila kituo huchukua wiki kadhaa na fedha kadhaa. Lakini haitakuwa haki kumlaumu mganga peke yake. Mgonjwa aliyekwenda kwenye kituo cha serikali mara tatu na kupewa antibiotiki mara tatu, naye amechelewa, tena akiwa mikononi mwa tiba ya kisasa.

Hapo ndipo uamuzi mdogo unaweza kubadili mambo. Kama kila ofisa tabibu wa kituo cha ngazi ya III na kila mhudumu wa afya wa kijiji atafunzwa kanuni ya wiki tatu, na kama wauza dawa wa Oli na Koboko watakubali kwamba mteja anayerudi kununua dawa ya koo mara ya pili aelekezwe hospitali, safari itafupishwa kwa miezi. Haihitaji mashine yoyote.

Kamera ikifika, nani ataishika?

Swali la kawaida katika mijadala ya afya ni kama hospitali fulani ina kifaa au haina. Ni swali lisilotosha. Kifaa kinaweza kuwapo kabatini kikiwa na betri iliyokufa. La kuuliza ni kama kinatumika kila siku ya kliniki, kama kuna zaidi ya mtu mmoja anayejua kukitumia, kama kinasafishwa ipasavyo baada ya kila mgonjwa, na kama kuna fungu la kukitengeneza kikivunjika.

Mrija wa endoskopi ni dhaifu. Ukikunjwa vibaya mara moja au kubanwa na mlango wa sanduku, matengenezo yake yanaweza kula bajeti ya mwaka. Usipozamishwa katika dawa ya kuua vijidudu kwa muda unaotakiwa, utabeba maambukizi kutoka pua moja hadi nyingine. West Nile, ambayo kwa miongo mingi ilikuwa nje ya gridi ya taifa ya umeme, inajua maana ya mashine nzuri isiyo na nguvu ya kuiwasha. Habari njema ni kwamba aina mpya hutumia betri, na nyingine huonyesha picha kwenye simu au kompyuta ndogo, hivyo daktari bingwa aliye mbali anaweza kuitazama.

Madaktari bingwa wa masikio, pua na koo ni wachache Uganda, na wengi wako Kampala. Kuwasubiri waongezeke ni kusubiri kizazi. Chuo cha Madaktari wa Upasuaji cha Mashariki, Kati na Kusini mwa Afrika, kilichoanzishwa mwaka 1999, kinafunza mabingwa wakiwa kwenye hospitali zao badala ya kuwahamishia ng'ambo. Hiyo ni njia moja. Ya pili ni kuwafunza maofisa tabibu waliobobea katika masikio, pua na koo kufanya uchunguzi wa kamera na kutuma picha. Wao ndio wanaobaki mikoani.

Jibu husafiri kwa pikipiki

Kamera huonyesha uvimbe. Haisemi kama ni saratani. Hilo husemwa na kinyama kinachokatwa na kutazamwa chini ya hadubini na mtaalamu wa patholojia. Hapa ndipo wagonjwa wengi hupotea. Ndugu hupewa kichupa chenye kinyama, huambiwa atafute maabara Kampala, na hapo ugonjwa unageuka kuwa mzigo wa familia.

Uganda ina suluhisho mkononi. Ili kupima virusi vya Ukimwi kwa watoto wachanga, nchi ilijenga mtandao wa kusafirisha sampuli: waendesha pikipiki huzikusanya kutoka vituo vya afya hadi kwenye kituo kikuu cha eneo, kisha husafirishwa hadi maabara ya taifa, na majibu hurudi kwa njia hiyohiyo. Kinyama kilichohifadhiwa kwenye fomalini hakihitaji barafu. Kwenye safari hiyo ni mzigo rahisi kuliko damu. Kukiweka rasmi kwenye pikipiki hizo, chenye namba na tarehe ya kurudi jibu, kungempunguzia mgonjwa wa Koboko safari moja nzima ya Kampala: ile ya kwenda kuuliza anaumwa nini.

Tofauti hiyo ni kubwa kuliko inavyoonekana. Mtu anayekwenda Kampala akiwa hajui anaumwa nini huuza mbuzi wa kwanza kwa nauli, wa pili kwa vipimo, na wa tatu kwa kusubiri. Anayekwenda akiwa na jibu mkononi na tarehe ya kuanza matibabu huuza kwa ajili ya tiba.

Mpaka ambao koo haliujui

Mwaka 2014, Benki ya Maendeleo ya Afrika iliidhinisha mradi wa vituo vya umahiri vya Jumuiya ya Afrika Mashariki. Kenya ilipewa figo na njia ya mkojo, Tanzania moyo na mishipa, Rwanda uhandisi wa vifaa tiba, Burundi lishe, na Uganda saratani, kupitia Taasisi ya Saratani ya Uganda iliyoanzishwa Mulago mwaka 1967. Mgawanyo huo ulikuwa na busara: badala ya kila nchi kujenga kila kitu nusunusu, kila moja ijenge kimoja kwa ajili ya wote.

Lakini umahiri uliokaa Mulago haumfikii mtu wa Salia Musala, kona ya Koboko ambako Uganda, Kongo na Sudan Kusini zinakutana. Kutoka Oraba mpakani hadi Arua ni chini ya kilomita 100. Kutoka Aru, upande wa Kongo, hadi Kinshasa ni zaidi ya kilomita 1,500. Kwa raia wa Ituri au wa Kaya, hospitali kubwa iliyo karibu iko Arua, awe na pasipoti au asiwe nayo. Ongeza wakimbizi wa Rhino Camp, Imvepi, Bidibidi na Lobule, na utaona kwamba kliniki ya koo Arua ingekuwa ya kikanda tangu siku ya kwanza, hata kama bajeti yake imepigiwa hesabu ya raia wa Uganda peke yao.

Sudan Kusini iliingia Jumuiya mwaka 2016 na Kongo mwaka 2022. Ibara ya 118 ya Mkataba wa Jumuiya inazitaka nchi wanachama zishirikiane katika afya. Kuna mfano wa karibu wa ushirikiano huo. Mashine ya mionzi ya Mulago, iliyoanza kazi mwaka 1995, iliharibika kabisa mwaka 2016, na nyingine haikuzinduliwa hadi Januari 2018. Katika pengo hilo, Hospitali ya Chuo Kikuu cha Aga Khan ya Nairobi ilijitolea kuwatibu bure wagonjwa 400 wa Uganda. Ilionyesha kwamba mpaka unaweza kuvukwa kwa ajili ya mgonjwa. Ilionyesha pia jinsi mfumo wenye mashine moja unavyoweza kuiacha nchi nzima mikono mitupu.

Taasisi ya Saratani imekwisha kutangaza mpango wa vituo vya kanda Gulu, Mbarara, Mbale na Arua. Ni mwelekeo sahihi. Lakini ujenzi wa kituo cha saratani huchukua miaka, na mtu anayekwaruza sauti leo hawezi kusubiri zege likauke. Kliniki ya kamera, mafunzo ya wiki tatu na kichupa cha fomalini kwenye pikipiki vinaweza kutangulia jengo. Tena vikitangulia, siku mashine ya mionzi itakapowashwa kaskazini itapokea wagonjwa wenye uvimbe mdogo unaotibika. Usipoziba ufa utajenga ukuta, na katika saratani ya koo ukuta wenyewe mara nyingi haujengeki.

Kipimo cha kweli

Serikali na Jumuiya hupenda kuhesabu vifaa vilivyozinduliwa. Kwa ugonjwa huu kuna hesabu nyingine iliyo bora: ni siku ngapi zinapita tangu mtu alipomwambia mhudumu wa afya kwa mara ya kwanza kwamba sauti yake haijarudi, hadi alipopewa jibu la kinyama? Namba hiyo ikiandikwa kwenye daftari la kila hospitali ya West Nile, na ikasomwa kila robo mwaka na wakuu wa afya wa pande tatu za mpaka, itaonyesha mnyororo unakatikia wapi. Kama ni kwa muuza dawa, afunzwe. Kama ni kwenye kamera, itengenezwe. Kama ni maabara, waongezwe wataalamu. Kama ni mpakani, mawaziri waulizwe.

Hadi hapo, mkazi wa Oli hana haja ya kusubiri mkutano wa wakuu wa nchi. Sauti ikikwaruza kupita wiki tatu, kidonda cha mdomo kikikataa kupona, uvimbe ukikaa shingoni, asiridhike na paketi nyingine ya vidonge. Aende hospitali na aulize, kwa Kiswahili, Kinubi au Kilugbara, swali moja: nani atanitazama ndani ya koo, na lini?